Mama Anakuja, na UE Ni Jumatatu

Kaeni, kaeni. Walio mlangoni waingie, hapa hakuna atakayeulizwa ada.

Hili nalisema kila mwaka na kila mwaka mnanikodolea macho vilevile. Wiki za UE, hiyo mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula, zikikaribia, simu ya nyumbani haipokelewi. Mama anasema, "Mwanangu, Jumamosi nitapita hapo nikuone." Mtoto anajibu, "Mama nipo bize, usije." Jumamosi hiyohiyo namkuta kwenye kibanda cha chipsi, anabishana Simba na Yanga tangu saa 9 mpaka magharibi. Bize gani hiyo?

Zamani umbali uliwatetea. Kabla ya Udom, Chuo Kikuu cha Dodoma, kuanza mwaka 2007, wengi waliofaulu huku Kondoa na Mpwapwa walikwenda Dar es Salaam au Morogoro, mzazi akawaona likizo. Sasa chuo kiko hapa vilimani. Na tangu 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, kwa hiyo hata shangazi wa Dar anakuja asubuhi na jioni anarudi. Watakuja tu. Jifunzeni kukaa nao.

Kuna binti mmoja, simtaji. Mama yake alitoka Kondoa, akashuka stendi ya Nanenane na kiroba cha unga wa uwele, dumu la mafuta ya alizeti na mlenda mkavu kwenye mfuko. Binti akaona haya kuonekana na kiroba. Akakodi bajaji, wakaenda mjini hoteli yenye vitambaa mezani, akaagiza kuku mzima. Bumu lote, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likaishia pale! Binti anaangalia saa, mama naye anaangalia saa. Mama anabandua ngozi ya kuku, anaipanga pembeni ya sahani, hali. Mwisho akauliza, "Hapo unapolala ni wapi?" Akajibiwa, "Mbali mama, na jua kali." Akapanda basi, kitanda cha mwanawe hakukiona.

Muhula uliofuata nikamwambia yule binti, mama akipiga simu mwambie ukweli. Akamwambia: "Jumatatu nina mtihani. Njoo, lakini saa 4 mpaka saa 8 nitakuwa nasoma." Mama akaja, akatandika kanga chini ya mti karibu na meza za kujisomea, akatulia. Baadaye akasema, hebu nieleze hicho unachochora. Ilikuwa michoro ya mahitaji na ugavi. Binti akaeleza: mavuno yakiwa mengi, bei inashuka. Mama, muuza mafuta ya alizeti huyo, akauliza, "Na mwenye ghala yuko wapi hapo kwenye mchoro wako?"

Binti akanyamaza. Mnacheka? Jibuni basi nyie wa uchumi, mwenye ghala yuko wapi?

Najua mtasema, huyo alibahatika, alisoma kitu ambacho mama anakifanya. Wewe wa tiba, mweleze baba yako figo inavyochuja damu, kwa Kiswahili chepesi. Ukikwama, ujue hujaelewa, na heri ukwame mbele ya baba kuliko kwenye chumba cha mtihani. Mwingine atasema, mwalimu, mimi mjomba wangu akija haondoki. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe una UE, jembe mpe siku hiyohiyo! Akachote maji, akapike huo uwele. Wazee wanapenda kazi kuliko kukaa kwenye kiti cha plastiki wakikutazama unavyohangaika na simu.

Na wapelekeni wazazi walipo wenzenu, wawasalimie. Mzazi akishajua jina la unayekaa naye chumbani, maswali ya usiku kwenye simu yanapungua yenyewe. Hili lijaribuni, mtaniambia.

Nilitaka niseme na habari ya wadogo zenu wanaokuja kushangaa chuo, na kwamba mgeni husindikizwa mpaka stendi, haachwi kwa bodaboda getini, lakini mwenyekiti ameshanyanyua kalamu mara ya pili. Haya, haya, namaliza.

Kijana wa nyuma aliuliza kama mgeni analala bwenini. Kasome sheria za bweni lako leo, kabla hajakata tiketi, usije ukanipigia mimi saa 4 usiku bibi yako akiwa getini.