Jinsi ya kuhamisha miche midogo ya mrehani bila kuivunja

Haya, karibuni tena uani kwetu Mbagala. Leo tunahamisha mrehani. Tazameni ndani ya ndoo hii: mbegu zilimwagwa tu kwa mkono, zikaota zote, sasa miche imebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Ukiiacha hivyo inarefuka, inalegea, inaanguka.

Leta simu karibu, mwanangu. Haya majani mawili ya chini, ya duara, ni ya mbegu, hayo hayahesabiwi. Hivi vidogo vya katikati, vyenye sura ya mrehani hasa, ndivyo tulivyokuwa tukivingoja. Ikitoka jozi moja tu, mche uko tayari.

Viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, jaza, gonga chini, ongeza. Mimi nachanganya udongo mweusi, samadi iliyooza na vumbi la makumbi ya nazi. Hilo vumbi lioshe kwanza, lina chumvi. Lowesha kila kitu, na ndoo ya miche pia, kisha toboa kishimo kwa kijiti cha mishikaki. Nyama yake tulikula jana, na pilipili ilikuwepo ya kutosha.

Sasa hapa. Simu ikae juu. Mche unashikwa JANI. Jani la mbegu, hili la duara. Siyo shina! Shina la mche huu ukilibinya kidogo tu, njia za maji za ndani zinapondeka, na leo hutaona kitu. Kesho kutwa utaukuta umelala. Jani likichanika litaota lingine, shina ni hilo hilo moja. Chomeka kijiti chini ya mizizi, inua kutokea chini. Hatuvuti, jamani. Vidole vinasindikiza tu, kazi ni ya kijiti...

Mbona kioo cheusi? Kidole hicho, mwanangu, kitoe. Basi nachukua mwingine. Jani, mnaona vidole vilipo? Kijiti chini, juu taratibu, na kitonge chake cha udongo. Lo, umekuja na mwenzake, mizizi imeshikana. Usiitenganishe kwa kucha. Itumbukize kwenye kikombe cha maji, tikisa polepole, itaachana yenyewe.

Tia kishimoni. Mrehani hauna neno shina likizama hadi karibu na majani, tena litatoa mizizi hapo. Saladi usiifanyie hivyo, ukifukia moyo wake unaoza. Sogeza udongo kwa kijiti kutoka pembeni, usikandamize kwa dole gumba. Na shina halishikwi, hata kwa nia ya kulinyoosha! Mche umepinda? Uache, utafuata mwanga wenyewe.

Kopo la kumwagilia kutoka juu liweke mbali. Viriba vina matundu, basi viweke kwenye beseni lenye maji kina cha vidole viwili, maji yapande yenyewe. Udongo wa juu ukilowa, toa. Usiviache humo usiku kucha, kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche, kinapenda unyevu uliozidi, na mche hukatika pale pale usawa wa udongo. Jambo jingine: visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi. Onja. Ulimi ukikataa, tumia ya bomba au kinga ya mvua.

Kazi hii fanya jioni. Ukihamisha saa saba mchana kwa jua letu hili, mizizi haijashika bado, majani yananyauka mbele ya macho yako. Siku tatu nne za kwanza kivulini, halafu jua la asubuhi pekee, halafu unaongeza. Chini ya mwembe panafaa, ila kama jirani ana kuku, weka wavu. Mimi nina jirani, na jirani ana kuku.

Wanaotaka miche, iliyokwisha shika kwenye kiriba ni shilingi 1,000, andikeni hapo chini. Hii ya leo siuzi hata ukiniongezea. Subiri itoe jani jipya, ndipo uje na mfuko wako.