Siku Mbili za Mwanzo: Dawa za Virusi vya Mafua na Korona
(Mhadhara uliotolewa Lamu mjini, baada ya sala ya alasiri)

Asalaam aleikum wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu. Ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja kusikiliza habari za dawa.

Niliombwa nieleze ni dawa gani ya virusi iliyo bora. Nitaeleza, ila mimi kama mfamasia nina swali ninalolitanguliza kila mara: mgonjwa ameanza kuumwa lini? Dawa hizi zote kazi yake ni kuvizuia virusi visizaliane. Virusi vya homa ya mafua, yaani influenza, huzaliana kwa kasi mno siku za mwanzo. Ukifika siku ya nne au ya tano, sehemu kubwa ya maumivu unayoyasikia ni mwili wenyewe uko vitani, na dawa haina kazi kubwa iliyobaki. Kwa hiyo dawa za homa ya mafua hutakiwa zianze ndani ya saa 48 tangu dalili ya kwanza, na vidonge vya korona ndani ya siku 5. Sasa wewe uliye Kizingitini au Ndau, hebu piga hesabu. Siku ya kwanza unasema ni uchovu. Ya pili unachemsha tangawizi. Ya tatu unatafuta mashua. Ukifika hospitali hapa mjini, wakati umeshapita. Mtu wa Nairobi analinganisha bei na nguvu ya dawa; sisi wa visiwani inatupasa kuanza na safari.

Na si kila kikohozi kina dawa yake. Mafua ya kawaida, haya ya pua kutiririka na kupiga chafya, hayana dawa ya virusi ya kuandikiwa na daktari, hapa wala Ulaya. RSV, kirusi kinachowabana vifua watoto wachanga, na ambacho watafiti wa Kilifi wamekifuatilia kwa miaka mingi, nacho hakina kidonge. Kilichopatikana miaka hii ni kinga: chanjo ya mama mjamzito, na sindano ya kingamwili kwa mtoto. Amoksilini ni dawa ya bakteria, haiui kirusi hata kimoja. Nalisema hili kwa uchungu, maana mtu huja dukani akataka vidonge vinne tu vya amoksilini "vya kukata mafua," akishapewa anaondoka ameridhika, na siku mtoto wake akipata nimonia ya bakteria kweli, dawa ile inaweza kuwa haifui dafu tena.

Haya, homa ya mafua. Dawa iliyozoeleka ni oseltamiviri, inayojulikana zaidi kwa jina la Tamiflu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999. Mtu mzima humeza miligramu 75 asubuhi na 75 jioni kwa siku 5. Virusi vipya vikishaundwa hubaki vimenata kwenye ukuta wa seli kama mashua iliyofungwa gatini, na virusi vina kimeng'enya chao cha kuikata ile kamba. Oseltamiviri hukizuia kimeng'enya hicho, virusi vikabaki palepale. Faida yake kwa mtu mwenye afya njema ni kupunguza ugonjwa kwa muda usiozidi siku moja hivi, na madhara yanayoonekana sana ni kichefuchefu na kutapika. Ukiila pamoja na chakula hupungua. Mwenye ugonjwa wa figo hupunguziwa kipimo.

Zanamiviri inafanya kazi ileile, lakini ni unga wa kuvutwa kwa mdomo. Mwenye pumu asipewe, kwa sababu unga ule unaweza kumbana kifua akazidiwa.

Baloksaviri ndiyo ngeni zaidi. Ilianza kuidhinishwa Japani na Marekani mwaka 2018. Yenyewe huingilia mapema, virusi vikiwa bado vinajinakili ndani ya seli. Humezwa mara moja tu, basi. Kwa kuwaondolea wagonjwa maumivu haiipiti oseltamiviri kwa mbali, ila virusi hupungua kooni upesi zaidi. Sasa sikilizeni, watu wa Lamu: isimezwe na maziwa, wala chai ya maziwa, wala dawa za kiungulia, wala vidonge vya madini ya chuma. Madini yaliyomo huishika dawa tumboni isiingie mwilini. Mjamzito haandikiwi baloksaviri. Yeye hupewa oseltamiviri.

Wakubwa wenyewe hawakubaliani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unapendekeza baloksaviri kwa mgonjwa ambaye hali yake si mbaya lakini yuko katika hatari kubwa ya kuzidiwa, na oseltamiviri unaiacha kwa waliozidiwa hasa. Wamarekani bado wanaitumia oseltamiviri kwa wote wawili. Mimi naona hivi: kwa kisiwa, dawa ya kumezwa mara moja ina thamani kubwa, lakini usitegemee kuikuta kila duka la dawa. Iliyopo leo na ikaanza leo ina faida kuliko inayosubiriwa kutoka Mombasa.

Kwa korona tofauti ni kubwa zaidi. Paxlovid huja na vidonge viwili vya waridi vya nirmatrelviri na kimoja cheupe cha ritonaviri, vyote vitatu pamoja asubuhi, vitatu tena jioni, siku 5. Katika utafiti wa kwanza, uliofanywa kwa watu wasiochanjwa walio hatarini, ilipunguza kulazwa na vifo kwa karibu asilimia 89. Kile cheupe hakipigani na korona. Kazi yake ni kulizuia ini lisiivunje ile dawa ya waridi upesi. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana dawa nyingine zinazovunjwa na ini nazo hukaa mwilini kupita kiasi: simvastatini ya kolesteroli, baadhi ya dawa za presha, za moyo na za kuyeyusha damu. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huifukuza Paxlovid mwilini. Kwa hiyo mkija, njooni na dawa zenu zote mfukoni, hata zile mnazoona ni ndogo.

Molnupiraviri haina mgongano huo, lakini ni dhaifu: katika utafiti wake mkuu ilipunguza kulazwa na vifo kwa asilimia 30 hivi, na utafiti mkubwa wa Uingereza kwa watu waliokwisha chanjwa haukuona ikipunguza kulazwa. Mjamzito asiitumie. Remdesiviri ni nzuri, ila hutiwa kwa dripu siku tatu mfululizo kwa asiyelazwa, na wa kisiwa cha mbali sijui atalala wapi siku hizo.

Mzee mmoja pale nyuma aliuliza kama anunue dawa aiweke nyumbani akingoja homa. Hapana, mzee wangu. Homa ya hapa kwetu inaweza kuwa malaria, na hiyo hupimwa kwanza. Lakini kipimo kifanywe siku hiyohiyo ya kwanza, hasa kwa aliyepita miaka 65, mwenye kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo, na mjamzito.

Na mama aliyeuliza habari za mtoto mchanga: oseltamiviri hupewa hata mtoto wa wiki mbili, kwa kipimo cha uzito wake, akishaonwa na daktari. Kama dawa ya maji hakuna, mfamasia huifungua kapsuli ya oseltamiviri, unga ukachanganywa na maji ya sukari kwa kuwa ni mchungu. Asali asipewe aliye chini ya mwaka mmoja. Lakini mamangu, ukimwona anapumua mbio, mbavu zinaingia ndani, au amekataa kunyonya, usikae ukaulizia dawa ipi. Mtie mashuani saa ileile.