Ilikuwa Goli

Ndugu zangu, nimemwona mama mmoja pale nyuma ameshika tama: "Leo tena hoki." Ndiyo mama, leo tena hoki ya barafu. Nitalisema hili mpaka vijana waache kuniuliza: Flames, timu ya mji wetu huu wa Kanada, walibeba Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi ya hoki, mwaka 1989, mbona ninyi wazee wa Calgary kutwa mnahadithia 2004, mwaka mlioshindwa?

Kwanza, nani kasema tulishindwa? Msicheke. Twende Jumamosi ile, tarehe 5 Juni, Saddledome, uwanja wetu wa nyumbani. Ni fainali, wa kwanza kushinda mechi nne ndiye bingwa, na tunaongoza tatu kwa mbili dhidi ya Tampa Bay ya Marekani. Tukishinda hii, kombe letu. Matokeo mbili kwa mbili, kipindi cha tatu kinayoyoma. Paki, kile kisahani cheusi, inamgonga Martin Gélinas kwenye buti, inaelekea langoni. Golikipa Khabibulin ananyoosha mguu, anaizuia. Aliizuia wapi? Hapo ndipo penye ugomvi! Mchezo ukaendelea kama hakuna kitu. Baadaye televisheni ikarudia, tukauona weupe wa barafu kati ya paki na mstari wa goli, yaani ilishavuka yote. Weupe, jamani!

Mimi nilikuwa zamu ya jioni ghalani, nasikiliza redio. Narudi usiku, namkuta jirani yangu, Mkanada ambaye miaka yote tulisalimiana kwa kutikisa kichwa tu, kanisubiri kwenye ngazi na jezi yake nyekundu. Hata salamu hakuna. Akaninyooshea vidole viwili, kaachanisha kidogo: "Hivi! Ilivuka hivi!" Tulikaa pale ngazini mpaka saa nane.

Najua, kuna fundi hapa atasema paki ilikuwa hewani, pembe ya kamera inadanganya macho. Sawa. Nikiwa peke yangu usiku, hata mimi huwa nakubali kidogo. Hadharani, sikubali.

Muda wa nyongeza wa pili, sekunde ya 33, Martin St. Louis akatufunga. Na huyo alikuwa wetu! Flames wenyewe walimwachia aondoke mwaka 2000. Mechi ya saba, huko Tampa, tukalala mbili kwa moja.

Sasa nijibuni: nani anagombana na jirani yake juu ya 1989? Kombe lilikuja, likashangiliwa, kesi ikafungwa. Ya 2004 bado inasikilizwa, na kila mtu hapa ni shahidi. Wewe kijana wa Yanga usinicheke. Mwaka 2023 si mlikosa Kombe la Shirikisho kwa bao la ugenini, jumla mbili kwa mbili na USM Alger? Mbona ushindi wa Algiers mnausimulia kana kwamba mlirudi na kombe?

Na kumbukeni tulikotoka. Miaka saba mfululizo hatukugusa mtoano. Tukaingia kwa nafasi ya sita, tukawatoa Vancouver, Detroit na San Jose, wote mabingwa wa makundi yao, na kila mara bao la kuwazika likawa la Gélinas. Langoni Kiprusoff, aliyekuwa anasugua benchi huko huko San Jose. Nahodha Jarome Iginla, baba yake Mnigeria. Iginla kwa Kiyoruba ni mti mkubwa. Jezi namba 12 ikawa na jina ambalo sisi wageni halikutupa taabu kulitamka. Barabara ya 17 ikajaa wekundu, watu wasiojuana wanakumbatiana. Mnajua watu wa mji huu walivyo wagumu kukumbatiana.

Nilitaka kugusia na mgogoro wa mishahara, wenye timu walipofunga milango na msimu wa 2004-05 usichezwe kabisa, tukabaki mwaka mzima hatuna jipya la kutazama ila picha ile ile ya mguu wa Khabibulin. Lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali. Kama ni la pembe ya kamera, ndugu yangu, kaa tu.