Hiyo ni Wizara, Bado Si Mada

Hamjambo nyote. Nimepewa nusu saa, na baada yangu kuna chakula cha mchana, kwa hiyo salamu zitoshe.

Nikiwauliza wanafunzi wa hapa Kisumu wanataka kuchambua nini kwenye mradi wa data, majibu huwa ni yale yale: mabadiliko ya tabianchi, uchafuzi wa Ziwa Victoria, ukataji wa misitu. Hizo ni wizara, ndugu zangu. Wizara ina waziri, bajeti na magari. Wewe una muhula mmoja na laptopu ambayo betri yake unaijua mwenyewe.

Mimi huuliza swali moja tu: kwenye jedwali lako, mstari mmoja unasimamia nini? Siku moja? Kituo kimoja cha mvua? Picha moja ya setilaiti? Ukishindwa kunijibu kwa sentensi fupi, bado huna mada, hata utangulizi wako ukinukuu Kifungu cha 42 cha Katiba, kile cha haki ya mazingira safi, neno kwa neno.

Tuchukue gugumaji, maana najua nusu yenu mmeshaliandika kwenye daftari. Liliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na mvuvi wa Dunga hahitaji grafu ili ajue limemfanya nini. Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni za bure, zipo tangu 2015, na pikseli moja, yaani kijisanduku kimoja cha picha, ni mita 10 kwa 10 za ardhi. Pikseli 100 ni hekta moja, hesabu ya shule ya msingi. Unahesabu pikseli za kijani zilizo juu ya maji, unapata hekta, unachora grafu, unakwenda nyumbani. Sivyo?

Sivyo. Kwanza kuna mawingu. Setilaiti hiyo hupita juu yetu mwendo wa saa tano asubuhi, na ikikuta wingu inakupigia picha ya wingu. Msimu wa masika picha safi huwa za kutafuta kwa tochi. Kiangazi cha Januari na Februari zinapatikana kwa urahisi zaidi. Sasa ukiniambia gugumaji lilizidi mwezi wa Februari, nitakuuliza: lilizidi, au lilionekana tu? Na msidanganywe na ile asilimia ya mawingu inayokuja na faili. Hiyo ni ya picha nzima, eneo la takriban kilomita 100 kwa 100. Wingu lote linaweza kuwa limekalia vilima vya Kisii na ghuba yetu ikawa wazi kabisa. Nimeona makundi yakitupa picha nzuri kabisa kwa sababu ya namba hiyo. Pima mawingu yaliyo juu ya maji yako, basi.

Halafu kuna upepo. Gugumaji linaelea. Lililoziba gati wiki hii, wiki ijayo linaweza kuwa limesukumwa mbali, watu wa Homa Bay ndio wanaolalamika. Ukichora kisanduku chako mbele ya mji wa Kisumu peke yake, unapima upepo huku ukidhani unapima ukuaji. Chukua Ghuba ya Winam yote, takriban kilomita za mraba 1,400. Kompyuta haitalalamika. Mafunjo ya ufuoni nayo ni ya kijani, lakini hayo unayaondoa kwa kuchora mpaka wa maji kwa uangalifu. Mwani ndio utakaokusumbua, kwa sababu ukichanua kwa wingi, kipimo cha kijani huuona kama jani.

Kwa hiyo mada yenyewe isomeke hivi: je, eneo lililofunikwa na gugumaji katika Ghuba ya Winam huongezeka baada ya miezi ambayo mvua kubwa imenyesha kwenye bonde la mto Nyando? Mto huo hushusha udongo na mbolea za mashambani hadi ghubani, na gugu hula hizo. Mstari mmoja ni tarehe moja yenye picha inayosomeka. Hilo naweza kulisimamia.

Wengine mnapenda kina cha ziwa. Mei 2020 kipimo cha Jinja, kule Uganda mto Nile unakotokea ziwani, kilifika mita 13.42, kikapita rekodi ya 1964. Data ipo, na makadirio ya mvua ya CHIRPS yanaanzia 1981. Ila msichukue kina cha kila mwezi na mvua ya kila mwezi mkazitafutia uhusiano moja kwa moja. Ziwa ni kama akaunti ya benki: salio la leo limebeba la jana. Linganisheni mvua na ongezeko, si na salio. Tena mvua hiyo iwe ya ziwa zima, maana zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayoingia humu huanguka ziwani kutoka angani. Kipimo cha mvua cha mjini hapa hakiwezi kueleza ziwa la kilomita za mraba 68,800, ambalo mlango wake wa kutokea una bwawa tangu 1954.

Mliotoka Nakuru, najua mnataka flamingo. Shida ni kwamba flamingo huruka. Ziwa Nakuru lilipofura kuanzia mwaka wa 2010 hivi, maji yalipungua chumvi, chakula chao kikapungua, wengi wakahamia kwingine, Ziwa Bogoria likiwemo. Kupungua Nakuru si kupungua Kenya. Na kwenye majedwali ya kuhesabu ndege, nafasi tupu si sifuri. Huenda hakuna aliyekwenda kuhesabu. Mimi ningepima ukubwa wa ziwa lenyewe. Picha za Landsat zipo tangu miaka ya 1970, na ziwa halihami.

Hewa chafu? Kama huna vihisi, yaani vifaa vya kupima hewa, vya kutosha, iache mwaka huu. Kihisi kimoja kando ya jiko la mama wa samaki kinapima karai lake, hakipimi Kisumu.

Kufikia Ijumaa, kila kundi linitumie mistari kumi ya kwanza ya jedwali lake: tarehe, mahali, kipimo na uniti yake. Kichwa cha mradi msiniandikie bado. Atakayeniambia faili bado linapakuliwa, nitamhesabu hana mada. Haya, maswali.