Telč: mji wa soko uliozungukwa na maji

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Leo nawapeleka Telč, mji mdogo wa Moravia, huko Ucheki, wenye wakazi wapatao 5,000. Naanza na maji.

Ukipanda mnara wa Kanisa la Mtakatifu Yakobo, utaona mji mkongwe umebanwa na mabwawa: Ulický, Štěpnický, Staroměstský. Si maziwa ya asili hayo, ni kazi ya mikono. Mwishoni mwa karne ya 14 moto uliteketeza nyumba za mbao; wenyeji wakajenga upya kwa mawe, wakazungusha ukuta, na mabwawa yakauongezea mji ulinzi. Maji yale yale yalifuga samaki. Bwawa lilikuwa kitoweo, bwawa lilikuwa boma.

Moto ukarudi mwaka 1530. Miaka 20 baadaye mji ukaangukia mikononi mwa Zachariáš wa Hradec, bwana aliyependa mno ujenzi wa Kiitaliano. Akaigeuza ngome yake kuwa kasri. Hapo ndipo penye jambo ninalolipenda kuliko yote: wenye nyumba za uwanja wa soko, watu wa biashara na kazi za mikono, nao wakaiga.

Tazameni ukuta mmoja wa nyumba hizo. Fundi alipaka lipu nyeusi-nyeusi, akaifunika kwa tabaka jembamba la chokaa nyeupe. Kabla haijakauka, akakwaruza kwa ncha ya chuma, weusi wa chini ukajitokeza kwa mistari. Ilibidi afanye haraka, maana chokaa ikishashika haichoreki tena. Ukiwa mbali unaweza kuapa kwamba ni mawe yaliyochongwa.

Na upande wa mbele, chini ya nyumba hizi za uwanjani, kuna matao yaliyoungana na ya jirani. Sisi tungeita baraza, ila hii hufuata nyumba baada ya nyumba. Humo mtu aliweza kuuza na kununua, mvua au theluji isimguse.

UNESCO iliuweka mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1992. Sifa nyingi humwendea Zachariáš, na anastahili. Lakini kasri peke yake lisingetupa uwanja ule. Yeye na mkewe Kateřina wana kaburi lao katika kanisa dogo la kasri, nyuma ya uzio wa chuma kilichofuliwa. Ukitoka hapo, hatua chache tu, uko sokoni, mbele ya nyumba za wale walioiga.