Mtawa Aliyeliokoa Lango la Warumi

Walionisikia mwaka jana naona wameshaanza kucheka. Ndiyo, ni lango lilelile: Porta Nigra, pale Trier, Ujerumani. Na sitaliacha mpaka watu wakome kuniletea picha zake wakisema, "Tazama Warumi walivyojenga imara!"

Imara gani? Mji ule ulikuwa na malango manne ya Kirumi. Matatu yako wapi? Yalibomolewa, mawe yakaenda kujengea nyumba. Hata hili, sogea ukutani uliguse. Mawe makubwa hayana chokaa kati yake. Yalibanwa kwa vyuma. Utakuta matundu kila mahali: hapo wenyeji wa zama za kati walichokonoa chuma wakaenda nacho. Lango lilikuwa linaliwa polepole.

Akatokea Simeon, Mgriki mzaliwa wa Sirakusa, kisiwani Sisilia, aliyewahi kuwa mtawa Sinai. Alimwongoza Poppo, Askofu Mkuu wa Trier, hadi Nchi Takatifu. Waliporudi, mnamo mwaka 1030, akaomba afungiwe katika mnara wa mashariki wa lango. Wakamzibia humo. Msidhani mji ulimpigia vigelegele! Walimwita mchawi, wakamrushia mawe. Akafa mwaka 1035, akatangazwa mtakatifu, na Poppo akaligeuza lango kuwa kanisa, tena ghorofa mbili, moja juu ya jingine. Sasa nani atathubutu kung'oa mawe ya kanisa?

Najua kuna wa kuniambia, "Mzee, hiyo bahati tu." Haya, bahati. Na Napoleon, mtawala wa Ufaransa, je? Mwaka 1804 aliamuru kanisa liondolewe, lango libaki la Kirumi tupu. Waprusia, watu wa ufalme mmoja wa Kijerumani, wakaja kumalizia kazi. Zaidi ya miaka 700 ya sala ikakwanguliwa! Kimesalia kile chumba cha altare upande wa mashariki, nusu duara, kama jino moja kwenye ufizi. Wageni wanakipita wakidhani nacho ni cha Warumi.

Basilika ya Konstantino, humohumo Trier, ni hadithi ileile: ulikuwa ukumbi wa kiti cha enzi cha kaisari wa Kirumi, leo kanisa la Waprotestanti. Nilitaka kufika kwenye vazi la Yesu linalotunzwa katika kanisa kuu, na kaburi la Mtume Mathia, lakini mwenyekiti ameshaangalia saa mara tatu.

Maswali, basi. Ila asiniulize mtu habari za Karl Marx. Najua alizaliwa Trier. Na alikulia mtaa wa Simeon, hatua chache tu kutoka langoni.