Mama mmoja, watoto wanne, na foleni ya chuoni

Asalaam aleikum, habari za saa hizi wazazi wenzangu. Mliokaa nyuma sogeeni huku, feni haifiki huko.

Kila nikiitwa kuongea naombwa kitu kile kile, dada tupe ratiba ya kusomesha watoto wa umri tofauti nyumbani, saa 2 hesabu, saa 3 Kiingereza, tunakili tuondoke. Sitoi. Wala sio uchoyo, ile ratiba nilishaifanya nikaona inapoishia. Machi 2020 shule zilipofungwa nilikuwa na wanne ndani, wa darasa la 7, wa la 4, wa la 1, na mdogo wa miaka 2. Nikanunua manila, nikaichora, kila mtoto na vipindi vyake vya dakika 40 kama shule kabisa, kengele napiga sufuria. Siku ya tatu, saa 3 asubuhi, wa la 7 kakwama kwenye hesabu za sehemu ananiita, wa la 4 Kiingereza kimemshinda ananiita, wa la 1 haandiki herufi hata moja mpaka nikae pembeni yake, na mdogo kamwaga uji juu ya madaftari. Wote wanalia na mimi nalia. Nikawafokea. Mpaka leo nikikumbuka inaniuma, maana watoto hawakuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa pale ukutani: muda ule ule mmoja watoto wote wananihitaji na mimi niko mmoja.

Jioni akaja mama yangu mkubwa, akaitazama ile manila weee, alafu akaniuliza, "Mwanangu, kwani wewe chuoni ulisomaje?"

Chuoni, yaani madrasa ya Qur'ani. Mliopita mshaelewa. Ambao hamkupita, sikilizeni. Watoto hata 30 kwenye mkeka, yupo wa alifu, herufi ya kwanza, yupo wa juzuu amma, ile juzuu ya mwisho ya Qur'ani, yupo anayekaribia kuhitimu, mwalimu mmoja. Hasimami mbele akawafundisha wote kitu kimoja. Kila mtu ana pale alipofika, unadurusu kwa sauti, ukiitwa unasogea na juzuu yako, unasoma mbele yake, anakurekebisha, anakupa cha kesho, unarudi mkekani anaitwa mwingine. Na wewe uliyetangulia unamshikia kijiti cha kuonyeshea herufi yule anayeanza. Ile ni foleni ya kumfikia mwalimu, ndo ratiba yenyewe hiyo, na bibi zetu wamesoma hivo hivo. Alafu mtu ananiambia kuchanganya umri ni mambo ya kisasa! Daktari Maria Montessori alifungua shule yake, Nyumba ya Watoto, kule Roma mwaka 1907, akawaweka wadogo na wakubwa chumba kimoja, na leo tunalipa ada kubwa hapa hapa Dar kwa jina lake. Sisi mkeka tulikuwa nao.

Basi kesho yake nikabandua manila. Nikaanza na anayenihitaji kuliko wote, yule wa miaka 2, maana mtoto mdogo asipokupata asubuhi atakudai mpaka adhuhuri. Dakika 20 zake, hadithi, kubebwa, kucheka. Akishashiba mama anapewa beseni la maji na vikombe vyake hapo hapo miguuni kwangu, jicho halitoki kwake hata kidogo maana maji ni maji, na mimi nageukia wa la 1, dakika 20 za kusoma na kuandika. Muda huo wa la 4 anarudia zoezi la jana, kitu anachokiweza, msimpe kipya wakati hamna nafasi ya kumuelekeza, hapo ndo wengi mnaharibu. Wa la 7 anasoma mwenyewe na kila anapokwama anaweka alama pembeni, haniiti. Alafu zamu ya wa la 4, dakika 30. Saa 5 mdogo kalala, wa la 7 anakuja na alama zake, tunakaa dakika 40 nyumba imetulia.

Mtaniambia, dada hayo hata masaa mawili hayafiki, mtoto atajua nini? Haya, chukua darasa la watoto 80, kipindi dakika 40, gawanya mwenyewe. Nusu dakika kila mtoto. Wa kwako kakupata dakika 30 peke yake, na muda uliobaki hajakaa bure, yuko mkekani anadurusu.

Lingine najua linakuja, kumtumia mkubwa kufundisha wadogo ni kumuonea. Kweli, ukizidisha. Wangu wa la 7 alikuwa anamsomesha wa la 1 dakika 15, basi, na alikuwa akichagua mwenyewe amsomeshe nini. Ana mtihani wa taifa mbele yake, na yeye ni mwanafunzi, msimgeuze dada wa kazi. Hili nalisema kwa uchungu maana mabinti wetu ndo wanaobebeshwa.

Muda umeisha naona naonyeshwa saa. Haraka haraka basi, hesabu ziwe asubuhi kabla joto halijapanda, saa 8 mchana Dar hakuna kichwa kinachogawanya. Sayansi na hadithi wafanye wote pamoja. Sokoni nendeni nao, mdogo ahesabu nyanya za fungu, mkubwa apige chenji. Ramadhani ratiba yake nyingine kabisa, nitaisema siku nyingine. Na habari ya sheria, Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto akifika umri wa kuanza shule aandikishwe shule ya msingi, kwa hiyo nyie mnaotaka nyumbani moja kwa moja na sio likizo tu, afisa elimu kata kwanza, manila baadae.

Yule baba ameuliza, wote wawili tunatoka alfajiri tunarudi usiku, foleni tutaiweka wapi? Baada ya magharibi, baba. Televisheni imezimwa, mkeka umetandikwa, wadogo kwanza kabla usingizi haujawachukua, dakika 15 kila mmoja, huku mama anapika wewe unasikiliza. Kesho ye anasikiliza, wewe unapika.